MCHICHA, FIGO NA GANZI YA MIGUU



Somo la leo limetokana na maneno tunayoyasikia mara kwa mara sokoni, kisimani, na siku hizi hata katika simu za vijana wetu. Eti mchicha una asidi inayoua mishipa ya fahamu. Eti mtu akiula kila siku miguu itakufa ganzi, na mwisho wake atatembelea fimbo. Wengine wameongeza magimbi, wengine mbirimbi, wengine wamefika mpaka mboga zote za majani. Na wapo akina mama walioacha kuwapikia watoto mchicha kwa sababu hiyo.

Hatutaki kuwacheka waliosadiki. Maneno haya si uongo mtupu. Ni kama mpunga uliotwangwa ambao bado haujapetwa: mchele umo na makapi yamo. Basi tuchukue ungo, tupete.

Somo ni refu kidogo. Wanaosoma katika kikundi wanaweza kuligawa kwa siku mbili.

Mfano wa mzee mmoja

Tuchukue mfano wa mkulima mmoja, mzee wa miaka 58. Kwa miezi kadhaa vidole vya miguu vimekuwa vikimchomachoma usiku, kama vimeguswa na upupu. Baadaye kuchoma kukapungua, ikaja ganzi. Kandambili inamtoka mguuni naye hajui, anakwenda hatua tano sita ndipo anatazama nyuma.

Jirani yake anamwambia, "Mzee mwenzangu, acha mchicha. Ndio unaokumaliza."

Mzee anaacha. Mwezi wa kwanza unapita, wa pili, wa tatu. Nafuu hakuna. Siku moja jikoni anakanyaga kaa la moto na kusimama juu yake, mpaka mjukuu anapiga kelele: "Babu, mguu unaungua!"

Mzee huyu tutarudi kwake. Kwanza tuijue hiyo asidi inayotuhumiwa.

Oksalati ni kitu gani?

Kila mpishi anajua kuwa gimbi lisiloiva vizuri huwasha mdomo na koo. Sababu yake ni kwamba ndani ya gimbi mna vijisindano vidogo mno, visivyoonekana kwa macho matupu. Ukiweka kipande chembamba cha gimbi bichi chini ya darubini ya kuonea vitu vidogo, kama ile ya shule ya sekondari, utaviona vimepangwa pamoja kama mzigo wa kuni. Vijisindano hivyo vimetengenezwa na vitu viwili vilivyoshikana: oksalati na kalsiamu.

Kalsiamu tunaifahamu. Ni madini ya mifupa na meno. Imo katika maziwa, na imo katika dagaa wanaoliwa na mifupa yao. Oksalati nayo ni asidi inayotengenezwa na mimea mingi. Mchicha unayo kwa wingi. Spinachi nayo vilevile. Katika mbirimbi ndiyo sehemu kubwa ya ule uchachu unaokufanya ufumbe jicho moja.

Hapa Kiswahili chetu chenyewe kimetuchanganya kidogo. Mtu akila mbirimbi nyingi tunasema zimemtia meno ganzi. Mtu asiyesikia mguu wake tunasema mguu umekufa ganzi. Neno ni moja, mambo ni mawili. Ganzi ya meno ni asidi kugusa meno yenyewe, na ikifika jioni imekwisha. Ganzi ya miguu inayokaa miezi ni mishipa ya fahamu kuumia. Sisi tunadhani baadhi ya maneno ya sokoni yalianzia hapo hapo.

Sasa shikeni jambo hili moja, maana somo zima limesimama juu yake. Oksalati ikikutana na kalsiamu, haiiachi. Hushikana zikawa chembe ngumu, kama chembe za chumvi ya mawe, lakini chembe hizi haziyeyuki kwa urahisi katika maji. Zikishikana tumboni, ndani ya chakula, hakuna neno: mtu atakwenda chooni na zitatoka. Zikishikana ndani ya figo, hapo ndipo penye matatizo. Mawe ya figo, yale yanayomfanya mwanamume mzima kugaagaa chini kwa maumivu, mengi yake ni oksalati na kalsiamu. Katika mawe manne, kama matatu ni ya aina hiyo.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: oksalati haitoki katika chakula peke yake. Ini letu wenyewe linaitengeneza kila siku. Mtu ambaye hajaonja mchicha tangu azaliwe anayo oksalati katika mkojo wake. Ni taka ya mwili kama taka nyingine. Mlango wake wa kutokea ni figo, na figo nzima huitoa usiku na mchana bila mwenyewe kujua.

Mishipa ya fahamu

Mishipa hii, ambayo wengine huiita neva, ni kama nyaya za simu. Imetoka katika ubongo na uti wa mgongo, ikaenea mwili mzima. Mingine hupeleka amri: kunja kidole, inua mguu. Mingine hurudisha habari: hapa pana moto, hapa pana mwiba.

Waya mrefu ndio wenye shida nyingi. Mshipa unaotoka chini ya mgongo mpaka kidole gumba cha mguu, kwa mtu mzima, una urefu unaokaribia mita 1. Kwa hiyo damu ikiwa na kasoro, vidole vya miguu ndivyo vya kwanza kulalamika. Kisha ganzi hupanda taratibu mpaka kwenye vifundo, ikawa kama mtu amevaa soksi. Ikifika karibu na magoti, vidole vya mikono navyo huanza.

Ganzi yenyewe haiumi, na hiyo ndiyo hatari yake. Mwenye maumivu hutafuta dawa. Mwenye ganzi hutembea na mwiba mguuni siku tatu, kidonda kinaoza ndani, naye anaendelea kulima.

Kondoo wa Utah

Je, oksalati inaweza kusumbua mishipa ya fahamu? Ndiyo, inaweza, ikiingia katika damu kwa wingi na kwa ghafla. Wafugaji wa Marekani waliliona jambo hilo.

Katika jimbo la Utah kuna nyika kavu sana. Mwaka 1968 kondoo wapatao 6,000 walikufa huko karibu na mahali ambapo jeshi lilikuwa likijaribu sumu ya vita, sumu ya hewa inayoshambulia mishipa ya fahamu. Watu hawakusahau. Basi mwaka 1971, kondoo wengine kama 1,200 walipofa kwa mkupuo katika jimbo hilo hilo, wafugaji wakasema: ni jeshi tena. Kumbe safari hii haikuwa jeshi. Kondoo walikuwa na njaa, wakaachiwa mahali palipoota gugu moja la nyikani liitwalo halogetoni, wakalifakamia. Gugu hilo limejaa oksalati.

Iliwaua namna gani? Oksalati iliingia katika damu yao, ikaishika kalsiamu yote iliyokuwamo. Na kalsiamu haikai mwilini kwa ajili ya mifupa tu. Mishipa ya fahamu na misuli haifanyi kazi sawasawa bila hiyo. Kalsiamu ya damu ikiisha ghafla, mnyama hutetemeka, hupepesuka, huanguka, moyo husimama. Atakayepona siku hiyo anaweza kufa baadaye kwa figo zilizojaa chembe.

Lakini tazameni vizuri. Nyaya za kondoo hazikukatika. Walipungukiwa na kalsiamu ya kuziendesha. Na walikula gugu kwa njaa, tumbo tupu, ratili kwa ratili. Hayo si mambo ya kibakuli cha mchicha na ugali.

Pale figo zinapokufa

Sasa tuje kwenye njia ya pili, ambayo ndiyo yenyewe hasa. Oksalati inaweza kuharibu mishipa ya fahamu ya miguu na mikono, nyaya zenyewe, pale mlango wa kutokea unapofungwa.

Kuna ugonjwa wa kurithi, ni wa nadra sana. Huko Ulaya, katika watu milioni moja, wenye nao ni kati ya mmoja na watatu. Mtoto huupata iwapo amerithi kasoro kwa baba na kwa mama pia. Nchini Tunisia, ambako ndugu huoana zaidi, umeonekana mara nyingi kuliko Ulaya. Ini la mgonjwa lina upungufu wa kitu kimoja kinachotakiwa, basi linatengeneza oksalati kupita kiasi, mara nyingi tangu utotoni. Figo hupata mawe, tena na tena, mpaka zinakufa.

Figo zikifa, oksalati haina pa kwenda. Inajaa katika damu. Halafu inaanza kutua kila mahali, kama mchanga wa mafuriko: katika mifupa, katika moyo, machoni, ndani ya ngozi. Na katika mishipa ya fahamu pia. Madaktari waliokata vipande vidogo vya mishipa ya wagonjwa hao na kuvitazama kwa darubini wameziona chembe za oksalati zimekaa ndani yake, na nyingine katika kuta za mishipa midogo ya damu inayoilisha. Mshipa wa fahamu uliokosa damu hunyauka kama mche uliokosa maji. Mgonjwa hupata ganzi, kisha miguu huishiwa nguvu, na mambo hayo huweza kwenda haraka.

Mwaka 2020 dawa moja ya kulizuia ini lisitengeneze oksalati nyingi, iitwayo lumasirani, iliruhusiwa Ulaya na Marekani. Bei yake hatutaitaja, maana ni ya kutia kizunguzungu.

Tumeueleza ugonjwa huu kwa urefu kwa sababu moja. Huu ndio mchele uliomo katika yale maneno ya sokoni. Ni kweli kuwa chembe za oksalati zimeonekana ndani ya mishipa ya fahamu ya watu. Lakini watu hao hawakuupata ugonjwa kwa kula mboga. Ini lao ndilo lililotengeneza, na figo zao zilikuwa zimekwisha kufa.

Hata mtu ambaye figo zake zimekufa kwa sababu nyingine, kama kisukari au shinikizo la damu la muda mrefu, huweza kupata ganzi ya miguu. Damu yake haisafishwi. Taka nyingi za aina mbalimbali hubaki ndani, nazo huumiza mishipa. Oksalati ni mmoja tu wa wageni hao wasiotakiwa.

Dawa ya saratani na maji ya baridi

Ipo dawa ya saratani ya utumbo mpana inayoitwa oksaliplatini. Ilitengenezwa kwa mara ya kwanza Japani mwaka 1976, na tangu 2015 imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya la Dunia. Ndani yake mna madini ya platini yaliyounganishwa na oksalati. Wagonjwa wengi wakishatundikiwa dripu ya dawa hiyo hupata jambo la ajabu: wakishika kitu cha baridi vidole huchomachoma, na wakinywa maji ya baridi koo hubana. Baada ya siku chache hali hiyo hupoa. Lakini wakiendelea kupata dawa kwa miezi, wengine hubaki na ganzi ya muda mrefu.

Wataalamu walisema: bila shaka ni ile oksalati, inanyang'anya kalsiamu kwenye mishipa. Basi tuwape wagonjwa kalsiamu na magnesi kwa dripu, tuone. Walifanya hivyo kwa miaka. Mwaka 2014 matokeo ya jaribio lililofanywa kwa wagonjwa 353 huko Marekani yakachapishwa: waliopewa kalsiamu na wasiopewa, ganzi yao ilikuwa ile ile. Ganzi inayobaki, wengi sasa wanaona mkosaji mkubwa ni platini inayojikusanya katika mishipa.

Tunalitaja jambo hili kuonyesha kuwa hata wenye maabara hutuhumu, wakapima, wakajisahihisha. Maneno ya kwenye simu hayajapimwa na mtu.

Hatari iliyopo kwenye chupa

Kabla hatujafika jikoni, tuseme neno kwa wenye magari, pikipiki na matrekta. Maji ya rangi yanayotiwa katika rejeta, ambayo mafundi huyaita kulanti, aina nyingi zina kitu kiitwacho ethilini glaikoli. Ni kitamu kama maji ya sukari. Mtoto akikinywa, mwili wake hukigeuza kuwa oksalati, nyingi, kwa saa chache tu. Figo hujaa chembe. Wapo walionusurika kifo, lakini baada ya siku kadhaa mishipa ya fahamu ya uso ikapooza, jicho halifumbi, mdomo umekwenda upande. Kwa hiyo usiiweke kulanti katika chupa ya soda hata kwa dakika tano. Na mtoto akishainywa, usingoje aumwe: mkimbize hospitali, na chupa yenyewe muichukue.

Mbirimbi kwa glasi

Watu wa pwani wanaijua mbirimbi katika achari na katika mchuzi wa samaki. Vipande vichache, basi. Hakuna ubaya.

Lakini siku hizi kumeingia mtindo wa kukamua mbirimbi na kunywa maji yake kama dawa, eti yanaondoa mafuta katika damu. Huko Kerala, kusini mwa India, wanao mbirimbi kama sisi, na mtindo huo nao wanao. Mwaka 2013 madaktari wa huko waliandika habari za watu 10 waliokunywa maji hayo ya mbirimbi, figo zao zikagoma kufanya kazi. Katika hao 10, 7 ilibidi damu yao isafishwe kwa mashine. Kwa bahati njema figo zao zote zilirudi baada ya wiki chache. Hapa kwetu, mwenye kuishi mbali na mashine ya kusafisha damu afikirie mara mbili kabla ya kuinua glasi.

Na yule ambaye tayari figo zake ni mbovu asiguse kabisa mbirimbi wala nduguye, lile tunda lenye pembe tano linaloitwa tunda la nyota. Tunda la nyota lina sumu ya pili pia, ambayo wataalamu wa Brazil waliitambua mwaka 2013. Figo nzima huitoa. Figo mbovu haziwezi, ikapanda mpaka ubongoni. Dalili yake ya kwanza mara nyingi ni kwikwi isiyokatika.

Turudi kwenye chungu

Basi mchicha tuufanyeje? Tuupike, tule. Mtu mwenye figo nzima anayekula mchicha wa kawaida hana sababu ya kuogopa ganzi kwa ajili yake. Mchicha una vitamini A inayolinda macho ya watoto, tena una kitu kiitwacho foleti kinachohitajiwa sana na mama mjamzito. Kumwondolea mtoto mchicha kwa hofu ya ganzi ni kumpa hasara ya hakika kwa ajili ya hatari ambayo haipo.

Kuna desturi mbili za wazee zinazofaa sana, ingawa wao hawakuwa na darubini. Moja ni kupika mchicha pamoja na dagaa, au kuula pamoja na maziwa ya mtindi. Mnakumbuka tabia ya oksalati? Ikikuta kalsiamu ya dagaa tumboni, hushikana nayo huko huko na kutoka chooni. Haifiki kwenye figo. Zamani hata madaktari walikuwa wakiwaambia wenye mawe ya figo waache maziwa, kwa kuwa mawe yana kalsiamu. Ilionekana ni hesabu ya wazi. Lakini mwaka 1993 uchunguzi wa wanaume 45,619 wa Marekani ulionyesha kinyume: waliokula vyakula vyenye kalsiamu nyingi zaidi ndio waliopata mawe machache zaidi. (Tunasema vyakula. Vidonge vya kalsiamu ni hesabu nyingine.)

Desturi ya pili ni kuchemsha majani na kumwaga maji ya kwanza. Kwa kufanya hivyo oksalati inayoyeyuka hupungua sana. Katika mboga zilizopimwa, ilipungua kwa karibu theluthi moja mpaka zaidi ya robo tatu. Lakini hapa sisi tuna neno. Maji yale yakimwagwa, vitamini C na foleti nazo zinakwenda. Kwa hiyo asiye na ugonjwa asimwage. Apike haraka na mchuzi wake ale. Anayepaswa kumwaga ni yule aliyewahi kupata mawe ya figo, au aliyeambiwa na daktari kuwa figo zake zimepungua nguvu, na huyo azungumze na daktari wake juu ya vyakula vingine pia. Gimbi ni habari nyingine: hilo lipikwe mpaka liive kabisa, kwa kila mtu.

Na kunyweni maji. Mkulima anayeshinda juani na kibuyu kikavu anajitengenezea mawe kuliko mchicha wowote.

Mzee anafika zahanati

Baada ya kuungua mguu, mzee wetu alipelekwa zahanati. Nesi, binti wa umri wa mwanawe, alimkaribisha.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

"Pole sana. Kaa likuchome hivi usisikie? Ganzi hii imeanza lini?"

"Tangu wakati wa palizi. Wakaniambia ni mchicha. Nimeuacha, lakini wapi!"

"Usiku unaamka kwenda haja ndogo mara ngapi?"

"Mara nne, siku nyingine tano. Nafikiri ni uzee."

"Na kiu je?"

Mkewe akadakia, "Kiu! Mtungi mzima anaumaliza yeye."

Nesi akamtoboa kidole, tone moja la damu, akaliweka kwenye kipimo. Mzee alikuwa hajala kitu asubuhi hiyo. Kwa mtu ambaye hajala, sukari ikifika 7 au zaidi, na ikipimwa tena ikawa hivyo hivyo, huo ni ugonjwa wa kisukari. Kipimo cha mzee kilisoma 17.

"Kumbe mchicha nimeuonea bure," alisema mzee.

Kisukari ndicho chanzo kikubwa cha ganzi ya miguu kwa watu wazima. Sukari ikikaa juu kwa miaka huumiza mishipa ya fahamu, na hiyo hiyo huua figo. Miezi ile mitatu mzee alipokuwa akikwepa mchicha, sukari ilikuwa ikiendelea na kazi yake.

Lakini si kila ganzi ni kisukari. Ukiona baka katika ngozi, jeupe kidogo au jekundu, na ukiligusa kwa unyoya halisikii, fikiria ukoma. Ukoma unapona. Dawa zake ni bure, zinanywewa kwa miezi 6 au 12 kwa kufuata aina yake, na anayewahi habaki na kilema. Anayemeza dawa za kifua kikuu anaweza kupata ganzi kutokana na dawa iitwayo isoniazidi. Huyo asiache dawa hata siku moja, bali amwambie nesi apewe vitamini B6. Gongo na pombe nyingine kali, zikinywewa kila siku kwa miaka, huharibu mishipa. Virusi vya UKIMWI pia. Na anayekula muhogo mchungu usioloweka vizuri wakati wa njaa yuko katika hatari ya sumu nyingine kabisa, ile ya sianidi, iliyowapooza miguu watu wa Tarime mwaka 1985. Habari hiyo ni kubwa, inataka somo lake.

Mwenye ganzi anaweza kwenda zahanati na maneno haya: "Naomba nipimwe sukari, mkojo, shinikizo la damu, na mnitazame ngozi." Usione haya kuyasema. Kama unaogopa kusahau, yaandike katika karatasi. Kalamu unayo na kuandika unajua. Wakati unangoja majibu, kagua nyayo zako kila jioni kwa kioo, au mjukuu akutazamie. Usipime maji ya kuoga kwa mguu, pima kwa kiwiko. Usiote moto kwa karibu. Na usiende shamba peku.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

Kwa nini ganzi huanza katika vidole vya miguu na si tumboni?

Kondoo wa Utah na mgonjwa wa ini la kurithi wote waliumizwa na oksalati. Kuna tofauti gani kati yao?

Katika kijiji chenu, mchicha hupikwa na nini? Je, mwenye mawe ya figo apike namna ile ile?

Kila mmoja aandike mistari mitatu kumwelekeza jirani mwenye ganzi aliyeacha mboga. Msomeane.